Alama za Gredi ya 10: Asilimia 40 huamuliwa kabla ya mtihani wa mwisho

Enzi za KCPE, mtoto angeweza kuzembea kwa miaka, akakazana mwaka wa mwisho na bado akaitwa shule nzuri. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023. Chini ya mtaala wa CBC mambo si hivyo tena, na wazazi wengi hushtuka muda ukiwa umeshayoyoma.

Hesabu iko hivi

Alama za kuingia Gredi ya 10 hutoka sehemu tatu:

• KPSEA ya Gredi ya 6: asilimia 20
• Tathmini za shuleni, Gredi ya 7 na 8: asilimia 20
• KJSEA ya Gredi ya 9: asilimia 60

Yaani mtoto anapoketi kufanya KJSEA, asilimia 40 ya alama zake tayari iko kwa KNEC. Haibadiliki.

Tathmini za shuleni ni gani?

Si zile testi za kila muhula. Hizi ni kazi, nyingine za vitendo na za mradi, ambazo KNEC huzituma shuleni pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Mwalimu anasimamia, anasahihisha, kisha anapakia alama kwenye mtandao wa KNEC.

Mfano rahisi

Tuseme kuna wanafunzi wawili, alama zote zikiwa kwa 100.

Wa kwanza alipata 70 KPSEA, 80 shuleni na 60 KJSEA. Hiyo ni 14 + 16 + 36 = 66.

Wa pili alipata 40, 50, kisha akajituma na kupata 75 KJSEA. Hiyo ni 8 + 10 + 45 = 63.

Wa pili alimshinda mwenzake kwa alama 15 kwenye mtihani wa mwisho, lakini bado yuko nyuma.

EE, ME, AE na BE ni nini?

Kila somo la KJSEA hupewa kiwango: EE (kuzidisha matarajio), ME (kufikia matarajio), AE (kukaribia matarajio) na BE (chini ya matarajio). Kila kiwango kina ngazi mbili. EE1, yaani 90 hadi 100, ni pointi 8. BE2 ni pointi 1.

Alama si kila kitu. Shule alizochagua mwanafunzi na mkondo wake, yaani STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, pia huangaliwa.

Mzazi afanye nini?

• Muulize mwalimu mapema tathmini za Gredi ya 7 na 8 zitafanywa lini, na mtoto asikose shule siku hizo.
• Akihama shule, hakikisha nambari yake ya tathmini na rekodi zake zimehama naye.
• Uliza kama alama zake zimepakiwa. Usingoje Gredi ya 9.
• Usimfanyie mradi. Mnunulie vifaa, kazi afanye mwenyewe.