Si kila homa ni malaria
Homa ikitushika hapa Lubumbashi tunasema mara moja: malaria. Hata munganga anaweza kufikiri hivyo. Lakini damu ikipimwa na malaria haionekani, na viungo vinauma hata kushika nyundo ni shida, lazima afikiri chikungunya. Jina ni la Kimakonde, maana yake kujikunja. Ugonjwa ulijulikana Tanganyika mwaka 1952; mwaka 2019 ulienea Kinshasa.

Mbu wake anauma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Anataga ndani ya mapipa na mipira ya magari iliyotupwa (nayo ni mingi nyuma ya nyumba zetu). Mwageni maji kila juma, sugueni pipa, lifunikeni. Msinywe aspirini kabla ya kupimwa: dengi inafanana nayo, na aspirini inaweza kutokeza damu.