Mjusi wa Lindi Aliyeko Berlin

Mtoto mwenye asili ya Lindi anayelelewa Ujerumani lazima apelekwe Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin, na ikiwezekana aongozane na bibi yake. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, wanangu wawili wamezaliwa huku. Mama yangu alipokuja kututembelea wakati wa likizo ya shule, maduka tuliyaacha, tukaanzia hapo.

Ukishapita mlangoni unaingia ukumbi wa dinosaria. Katikati amesimama yule ambaye Watanzania wengi wamemsikia tu akitajwa Bungeni: mjusi wa Tendaguru, mkoani Lindi. Wanasayansi wanamwita Giraffatitan. Kutoka sakafuni mpaka utosini ana mita 13.27, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimemtambua kwa kimo hicho. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, akila majani ya miti mirefu. Zama hizo Tendaguru ilikuwa ufukweni, penye maji ya kina kifupi. Mizoga ilifukiwa na tope na mchanga, madini yakapenya ndani ya mifupa, na taratibu ikageuka jiwe.

Watoto walinyanyua shingo wakitafuta kichwa. Mama yeye alitazama miguu ya mbele. Mfupa wa juu wa mguu huo, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa mita 2.13, kumzidi mtu yeyote wa ukoo wetu. Ni wa kahawia iliyokolea, na ukisogea unaona nyufa zilizozibwa kwa uangalifu. Uti wa shingo na fuvu la juu kule ni vya kuigiza, kwa sababu vile halisi ni dhaifu au vizito mno kuning'inizwa.

“Bibi, walimleta kwa lori?” binti yangu akauliza.

“Lori litoke wapi miaka hiyo? Kichwani, mjukuu wangu. Kichwani na mabegani.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alitoa taarifa za mifupa mikubwa iliyoonekana Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho haya yakaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita ya Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na njaa iliyoifuata ilikuwa imeua watu wengi kusini. Mamia ya vibarua walichimba pale, wengine wakiishi kambini na wake na watoto. Wanyama wa kubeba mizigo hawakuweza kutumika kwa sababu ya mbung'o. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, wapagazi wakaibeba kilomita 60 hivi hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne, kisha ikapakiwa melini. Jumla yake ilizidi tani 200. Mjusi huyu alisimamishwa Berlin mwaka 1937, akaja kupangwa upya na ukumbi kufunguliwa tena 2007.

Aliyewasimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Kwa muda mrefu heshima ya majina iliwaendea wengine. Dinosaria mmoja mdogo wa Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani. Ilichukua karibu karne nzima mpaka mwaka 2007 mmoja alipoitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 akaja Wamweracaudia keranjei, jina linalobeba kabila la Wamwera na mchimbaji Mohammadi Keranje. Nilipomweleza Mama, ambaye ni Mmwera, aliniambia nilirudie jina hilo polepole. Kisha akawaita wajukuu, akawafundisha kulitamka.

Nawashauri wazazi wenzangu: msikimbilie kumaliza kumbi zote. Chagueni vitu viwili au vitatu, na kila kimoja mkiulizie: kiliishije, nani alikitoa ardhini, kimefikaje hapa? Sisi baada ya mjusi tulimtazama Arkeopteriksi, kiumbe wa ukubwa wa kunguru, mwenye manyoya ya ndege na meno ya mjusi, aliyepatikana Ujerumani kwenyewe. Mwanangu alitaka kujua kwa nini huyu hakusafirishwa mbali. Ni swali zuri, na mtoto asingeliuliza kama hatukuanza na wapagazi.

Si lazima kupanda ndege. Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya Boma la Wajerumani, na fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, liko chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Maswali ni yale yale.

Kuhusu kumrudisha mjusi, wapo wanaotaka arudi na wapo wanaotaka Tanzania inufaike naye akiwa huko huko. Mimi natamani arudi. Lakini lipo ambalo halisubiri mazungumzo ya serikali mbili: mwanafunzi wa shule ya msingi Lindi alijue jina la Boheti bin Amrani kabla ya kulijua la Janensch.