Ghadhabu ya Churchill katika Nuru na Kivuli

Picha ya Winston Churchill aliyoipiga Yousuf Karsh, Mwarmenia mzaliwa wa Mardin, mjini Ottawa tarehe 30 Desemba 1941, mara baada ya waziri mkuu huyo wa Uingereza kulihutubia Bunge la Kanada, yataka isomwe taratibu, kwani kukosekana kwa rangi humwachia mtazamaji nuru na kivuli peke yake. Tazama jinsi mavazi meusi yanavyokaribia kuzama katika kiza cha nyuma, hata uso na mikono vikadhihiri mbele ya kila kitu; kisha urejee kwenye paji lililokunjamana na midomo iliyofumbwa, ambayo wengi, katika siku zile za vita, waliiona kuwa ni ghadhabu ya taifa lisilokubali kusalimu amri. Walakini insafu yatulazimu tukikumbuke kisa chake: Karsh alimwomba Churchill radhi, akaichopoa sigara nene kinywani mwake, na hasira ile ikazuka papo hapo. Je, picha imesema uongo? Hasha, sababu ilikuwa ndogo, bali ukaidi uliofichuka ulikuwa wake halisi. Muda mfupi baadaye Churchill alitabasamu, akapigwa picha ya pili, nayo ni nzuri, ila waijuao ni wachache.