Je, Wajua? Mawimbi Yanayojua Ulipo

Je, wajua kwamba wimbi la redio husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja? Saa ya mnara wa simu unaopima safari hiyo ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, simu yako itahesabiwa iko mita 300 kutoka pale uliposimama.

Je, wajua kwamba simu ya 4G haisikilizi wimbi moja? Katika mkondo wa megahezi 20, mnara hurusha mawimbi membamba 1,200 kwa mpigo, yakipishana kwa kilohezi 15. Msingi wa mbinu hiyo uliandikwa mwaka 1966 na Robert W. Chang wa Bell Labs, Marekani. Shida yake ilikuwa kusafirisha data nyingi, wala hakuwa akimtafuta mtu.

Je, wajua wingi wa mawimbi hayo unavyopima umbali? Mawimbi huondoka mnarani yakienda sambamba. La masafa ya juu hutetema upesi kuliko la masafa ya chini, kwa hiyo kadiri safari inavyorefuka ndivyo mitetemo ya mawimbi hayo mawili inavyozidi kuachana. Pima mwachano huo, umepata umbali. Ila kuna mtego: mawimbi yaliyopishana kwa megahezi 1 hurudi kulingana kila baada ya mita 300, hivyo mita 20 na mita 320 husomeka sawa! Yanayokaribiana huondoa utata huo, yanayoachana mbali huleta usahihi. Lazima yawepo ya aina zote mbili.

Je, wajua kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya meli za majeshi ya washirika zilielekea Normandy mwaka 1944 zikiongozwa na Decca, mfumo uliolinganisha mawimbi ya vituo vyenye masafa tofauti?

Je, wajua adui ni nani? Ukuta. Mwangwi wa zege au bati hufika umechelewa na kudanganya kipimo. Mkondo wa megahezi 20 hutenganisha mwangwi uliozunguka mita 15 zaidi. Megahezi 100, mita 3. Uswahilini kwetu, mita 15 ni kwa jirani wa pili.

Je, wajua kwamba Bluetooth 6.0 ya mwaka 2024 hupima umbali kwa kurukaruka kwenye hadi mikondo 72? Wezi wa magari hurefusha mawimbi ya ufunguo ulioachwa ndani ya nyumba, gari likadhani mwenyewe yuko mlangoni. Gari linalopima umbali halifunguki kirahisi hivyo.