Kununua Gari Lililotumiwa na Polisi: Chagua kwa Kazi Yako, Si kwa Jina la Gari

Kila mara serikali inapotangaza mnada wa magari yaliyotumika, wakaazi wengi huvutiwa na yale yaliyokuwa ya polisi. Bei ya kuanzia huwa chini, na gari lenyewe ni la kazi ngumu. Lakini wapo waliotoa akiba yote ya sacco au kuuza ng'ombe, wakanunua gari la namna hiyo, na hadi leo limelala nyuma ya nyumba kwa kukosa pesa za kulitengeneza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua ili yasikupate hayo.

Magari haya hutoka wapi

Gari la serikali likichoka au gharama yake ikizidi faida, kamati ya uuzaji wa mali ya idara husika hulikagua na kupendekeza liondolewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu liuzwe kwa mnada wa hadhara au kwa zabuni ya wazi. Matangazo hutolewa katika magazeti, likiwemo MyGov, na katika mitandao rasmi ya serikali.

Tangu mwaka 2013 serikali imekuwa pia ikikodi magari ya polisi kutoka kwa kampuni binafsi. Hayo si mali ya serikali. Muda wa kukodi ukiisha hurudi kwa mwenyewe, na yeye ndiye huyauza. Ukikutana na gari la namna hii, omba rekodi za matengenezo, kwa sababu kampuni iliyolikodisha inapaswa kuwa nazo. La mnada wa serikali mara nyingi huuzwa lilivyo na mahali lilipo, bila waranti yoyote.

Kilomita hazisemi yote

Gari la polisi hufanya kazi likiwa limesimama. Huwa kizuizini barabarani au kwenye doria huku injini ikinguruma saa nyingi, na kipimo cha kilomita hakisogei hata kidogo. Kampuni ya Ford, ambayo huuzia polisi wa Marekani magari, hulinganisha saa moja ya kunguruma hivyo na mwendo wa maili 33, yaani takriban kilomita 53. Injini ikinguruma saa 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni saa 1,200. Ni uchakavu wa zaidi ya kilomita 60,000 ambao hautauona kwenye dashibodi.

Kwa hivyo, ukilinganisha magari mawili, usichague lenye kilomita chache kwa sababu hiyo peke yake. Tazama hali ya injini, klachi, springi na fremu.

Lipi linakufaa?

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ndiyo inayogombewa zaidi. Mengi yana injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda 6 na lita 4.2, isiyo na turbo. Ni injini rahisi ambayo fundi wa mashinani anaielewa. Inamfaa mwenye shamba, mwenye kubeba maji au mawe, au anayeishi penye barabara mbovu. Hasara yake ni unywaji wa mafuta. Kama safari zako ni za mjini na kurudi, utalipia nguvu usiyoitumia.

Land Rover Defender ya zamani ina bodi ya alumini isiyoshika kutu kama chuma. Lakini fremu yake ni ya chuma, na hapo ndipo kutu hujificha. Yenye injini ya Td5 huendeshwa kwa mfumo wa elektroniki na huhitaji kompyuta ili kujua ubovu wake. Defender hiyo ilikoma kutengenezwa mwaka 2016. Inunue ikiwa tu una fundi anayeijua na duka la vipuri unalolifikia.

Pikapu ya Isuzu D-Max huunganishwa hapa Nairobi, na vipuri vyake hupatikana katika miji mingi. Hutumia mafuta kidogo kuliko Land Cruiser na hukaa vizuri kwa familia. Jambo la kuangalia ni injekta na turbo, kwani dizeli chafu huziharibu na kuzibadilisha ni ghali.

Siku ya kukagua

Tangazo la mnada hutaja siku za kukagua. Nenda na fundi wako mwenyewe, na uende mchana. Mara nyingi hutaruhusiwa kuendesha gari, na pengine haliwaki kabisa. Angalia haya:

• Nambari ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye orodha ya mnada.
• Oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Achana nalo.
• Fremu chini ya gari, hasa pale springi zinaposhikilia. Sehemu zilizochomelewa upya ni dalili ya kubeba uzito kupita kiasi au ajali.
• Paa. Mahali palipokuwa na taa na antena huachwa matundu, na mvua huingia hapo na kuleta kutu.
• Nyaya zilizokatwa za redio na king'ora. Zikiachwa ovyo zaweza kusababisha moto.
• Vitu vilivyong'olewa. Gari likikaa muda mrefu uani hukosa betri, stata, injekta, hata giaboksi. Panya nao hutafuna nyaya.

Fanya hesabu kabla ya kwenda mnadani

Tuseme gari la aina hiyo likiwa zima lina thamani ya Sh1,200,000 sokoni. Fundi anakadiria matengenezo kuwa Sh330,000. Magurudumu na betri ni Sh120,000. Kulivuta, kulisajili na bima ni Sh80,000. Jumla ni Sh530,000, na inabaki Sh670,000. Toa Sh120,000 kwa yasiyoonekana. Bei yako ya mwisho ni Sh550,000. Iandike kwenye karatasi, na dalali akiipita, nyamaza. Wengi huumia kwa kushindana na jirani.

Hesabu mafuta pia. Gari la kilomita 7 kwa lita na la kilomita 11 kwa lita, kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa mwezi, hutofautiana kwa lita 52 hivi kila mwezi. Zizidishe kwa bei ya dizeli ya kituo chako, kisha kwa miezi 12.

Uliza bima mapema vilevile. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka.

Karatasi na rangi

Kabla ya kutoa bei, uliza kwa maandishi kama kuna ushuru ambao mnunuzi atalipa, na ni nani atakayeshughulikia usajili mpya. Ukishinda, weka risiti na barua ya mauzo mahali salama, kwani utazihitaji NTSA kupitia eCitizen. Gari lisipokuwa kwa jina lako, si lako bado.

Ondoa alama zote za polisi. Taa za buluu na king'ora si vya mtu binafsi. Ukibadilisha rangi au bodi, hakikisha mabadiliko hayo yameandikishwa NTSA.

Jihadhari na matapeli

Hakuna afisa anayeruhusiwa kukuuzia gari la serikali "kabla ya mnada". Anayekupigia simu akidai ametengewa magari machache, na kukuomba utume amana kwa nambari yake ya simu, ni mwizi. Amana hulipwa tu kwa akaunti iliyotajwa kwenye tangazo, na asiyeshinda hurudishiwa kulingana na masharti yaliyotangazwa. Ukiona tangazo lenye shaka, lipeleke kwa ofisi ya ugavi ya kaunti au ya idara inayouza, waseme kama ni la kweli. Ukiombwa hongo, ripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC).

Mnada haukosi kurudi. Usipopata gari linalokufaa mwaka huu, pesa zako bado unazo, na mwaka ujao utakuja na fundi yuleyule.