Masaa 48 Yalipogeuka 19

Ndoa ya mbali huishi kwa ratiba. Lakini je, ratiba yenyewe ikiwa mikononi mwa shirika la ndege?

Mwenzenu nimeolewa Mbeya, nafanya kazi Dar. Mume wangu ni bwana shamba, anakaa Uyole. Mimi nipo kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Posta. Tulipofunga ndoa kila mtu alituuliza, “Sasa mtaishije?” Tukawa tunajibu kwa kujiamini kabisa, “Ndege zipo bwana!”

Wazazi wetu wasingeweza kujibu hivyo. Enzi zao, Dar na Mbeya ilikuwa ni treni ya TAZARA au basi la kutwa nzima, kilomita zaidi ya 800. Mbeya ilikuwa na kiwanja cha zamani pale pale mjini, cha ndege ndogo. Mambo yalibadilika Desemba 2012 ulipofunguliwa Uwanja wa Songwe, nje ya jiji ukielekea Tunduma. Mwaka uliofuata Fastjet wakaanza kushusha Airbus pale. Hao ndio walioingia sokoni mwaka 2012 wakitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wakapanda. Desemba 2018 Fastjet Tanzania ikaacha kuruka. Wakati huo Air Tanzania ilikuwa imeshafufuliwa, mwaka 2016, kwa ndege mbili aina ya Bombardier Q400, na abiria wa mikoani wakahamia kwenye mashirika yaliyobaki.

Ningekuwa makini, ningeona hiyo historia ni onyo. Barabara ukiamka asubuhi utaikuta pale pale. Njia ya ndege ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini, na wakikaa tena wanaweza kuamua vingine.

Raha zetu za wiki mbili mbili

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, naaga kazini mchana, nakimbilia uwanja wa Julius Nyerere, Jengo la Pili. Saa kumi na moja jioni nipo Songwe, baridi inanipiga usoni, na mume wangu yuko nje na koti langu mkononi. Jumapili saa kumi na moja jioni narudi. Masaa 48 kamili. Nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua mshahara wake.

Ijumaa usiku tulikuwa hatuongei mambo mazito. Ni ndizi, nyama, na stori za ofisini. Jumamosi tunakwenda Tukuyu kumsalimia mama mkwe, ambaye hakukubali niondoke bila mzigo wa parachichi. Mambo mazito yalikuwa ya Jumamosi usiku, tukishazoeana tena. Nasema tukishazoeana kwa sababu wanaoishi mbali wananielewa. Masaa ya kwanza unakuwa kama mgeni kwa mumeo, mpaka unaona aibu kufungua kabati.

Ujumbe wa Jumanne

Siku moja ya Jumanne, nipo kazini, simu ikalia. Ujumbe mfupi kutoka kwa shirika langu la ndege: kutokana na mabadiliko ya ratiba, safari yangu ya Ijumaa haitakuwepo, nimehamishiwa Jumamosi mchana. Kurudi ni Jumapili asubuhi. Wanaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.

Nikachukua kalamu. Kufika Songwe Jumamosi saa nane mchana, kuondoka Jumapili saa tatu asubuhi. Masaa 19! Hapo sijatoa safari ya kutoka Songwe, upande mmoja wa jiji, hadi Uyole, upande wa pili kabisa, kwenye barabara kuu ile moja yenye malori ya Tunduma. Sijatoa na muda wa kuwahi uwanjani kabla ya kuruka. Zikibaki saa 15 za nyumbani, shukuru Mungu. Na humo humo mlale.

Jamani, nililia chooni ofisini. Na si kwa ajili ya mapenzi peke yake. Nilikuwa na jambo.

Siri niliyoibeba

Wiki hiyo hiyo bosi alikuwa ameniita. Nimependekezwa kuwa mkuu wa kitengo, mkataba mpya wa miaka mitatu, hapa hapa Dar. Wakati mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba mwakani natafuta kazi Mbeya, tuanze familia. Jambo kama hilo huwezi kumwambia mtu kwa simu. Nikajiambia, nitamwambia Jumamosi usiku, kama kawaida yetu.

Lakini hapakuwa tena na Jumamosi usiku ile tuliyoizoea. Safari ya kwanza ya ratiba mpya nilifika nyumbani saa kumi kasoro, nikakuta wageni sebuleni, wakaondoka saa tatu usiku. Nikaangalia saa, nikaona kesho saa kumi na mbili asubuhi tunatoka. Nianzishe mazungumzo ya miaka mitatu wakati yamebaki masaa tisa? Nikanyamaza.

Safari ya pili ndege iliahirishwa nikiwa uwanjani. Nikampigia mume wangu nikiwa na sauti ya huzuni. Hapa nakiri, msomaji, maana bila kukiri makala hii haina faida: moyoni nilifurahi. Nilipata kisingizio cha kusogeza mbele. Lawama zote nikalitupia shirika la ndege, nami nikarudi zangu nyumbani nikalala.

Kabla ya safari ya tatu, kaka yangu alimpigia shemeji yake kumpongeza. “Hongereni bwana, nasikia mke wako kapanda cheo, miaka mitatu!”

Mume wangu si mtu wa kelele. Alinipigia usiku, akanisalimia vizuri, kisha akasema, “Mama, mimi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa?” Nikaanza kujitetea: ndege, ratiba, wageni. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Sawa. Lakini simu haina ratiba. Usiku mwema.” Akakata. Siku tatu akawa ananijibu “sawa” na “nimekula”.

Kwani kwa nini wanabadilisha?

Nilikuwa na hasira, nikamtafuta rafiki niliyesoma naye, ambaye amefanya kazi viwanja vya ndege miaka mingi. Nilitaka anisaidie kulaani. Badala yake akanipa somo.

Ndege moja, alisema, haikai ikikusubiri wewe. Asubuhi inakwenda Mbeya, inarudi Dar, inakwenda Mwanza, inarudi, na jioni pengine Dodoma. Ukungu ukikaa Songwe asubuhi, msafiri wa Mwanza anachelewa jioni wala hajui kisa ni Mbeya. Halafu ndege ina tarehe za lazima za kuingia karakana. Ikiingia, zilizobaki zinagawana kazi yake, na shirika linaangalia safari ipi ina viti vitupu vingi. Ijumaa ndege inaweza kujaa kwenda mkoani, ikarudi Dar nusu tupu. Viti vile vitupu navyo vimelipiwa mafuta.

Marubani wana kikomo cha masaa kwa sheria, huwezi kuwaongezea safari kama daladala. Vipuri na ukodishaji wa ndege ni kwa dola, nauli yetu ni kwa shilingi. Na ratiba za mashirika duniani hubadilika kwa misimu miwili, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Mara nyingine hata kosa si la shirika. Mwaka 2022 Air Tanzania ilipunguza safari kwa sababu injini za ndege zake aina ya Airbus A220 zilikuwa na tatizo la kiwandani, tatizo lililoyakumba na mashirika ya nchi nyingine.

“Kwa hiyo,” akamaliza, “hawajui kama una ndoa. Wanajua kiti chako tu.”

Nilirudi nyumbani kimya. Sikuwa na wa kumlaumu tena, nikabaki na mimi mwenyewe.

Basi la usiku

Ijumaa ile sikukata tiketi ya ndege. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na mwenzenu nilikuwa sijawahi kuyafikiria. Nilitoka kazini, nikaenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikapanda basi saa kumi na mbili jioni. Sikumwambia.

Tulichimba dawa Morogoro. Mikumi tulipita gizani, dereva akienda polepole kwa ajili ya wanyama. Mlima Kitonga tulipanda nyuma ya lori, taratibu mpaka nikahisi naweza kushuka nikatembea. Mafinga meno yaligongana kwa baridi. Miguu ilivimba, viatu vikagoma. Saa tatu asubuhi basi likasimama Uyole, mlangoni kwangu kabisa, hakuna habari ya kuvuka jiji zima.

Nilimkuta anamwagilia mboga. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso. “Umekuja na nini?” “Basi.” Akaweka ndoo chini. Hakunikumbatia mara moja, nisiwadanganye. Aliniletea maji ya moto kwenye beseni, akaniambia nikae, niweke miguu.

Tuliongea miguu ikiwa ndani ya beseni mpaka maji yakapoa, akabadilisha, yakapoa tena. Nilimwambia yote, pamoja na ile furaha ya siku ndege ilipoahirishwa. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko cheo. “Miaka mitatu tungeipangia,” alisema. “Lakini kama unafurahi kutokuja, hilo ndilo tatizo.” Nikamjibu kweli: sikufurahi kutokuja kwako, nilifurahi kutokusema. Akafikiri muda mrefu. Mwisho akasema, “Basi kuanzia leo sema kabla ya kuja.”

Na hapo ndipo hesabu iliponishangaza. Kwa ndege ya ratiba mpya ningepata masaa 19. Kwa basi, kuanzia Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka Jumapili saa kumi jioni, nilipata 31. Ila Jumatatu kazini nilifika kama maiti, hilo nalo niliseme.

Tulipofikia

Nilikubali cheo, lakini kwa mwaka mmoja wa majaribio, kisha tutaamua pamoja. Yeye anafuatilia nafasi Morogoro, ambapo sote tutafikika kwa barabara na kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Haijapatikana bado. Mama mkwe alipopata habari alisema “Ndaga” na kunipakilia parachichi nyingine.

Kwa wenzangu mnaoishi mbali na wapenzi wenu, haya ndiyo niliyojifunza:

Jambo zito lisisubiri tiketi. Lianze kwenye simu, limalizikie uso kwa uso. Ukilibeba lote hadi mkutane, siku ndege isipoenda nalo litakwama.

Kila mwisho wa Machi na Oktoba, kagua ratiba kabla hujaahidi harusi, kipaimara wala kikao cha familia. Siku yenye shughuli muhimu usipande ndege ya mwisho, fika siku moja kabla.

Shirika likibadilisha safari, usikubali kila unachopangiwa. Uliza kama unaweza kuhamishiwa siku nyingine bila malipo au kurudishiwa fedha, na hifadhi ujumbe waliokutumia. Ukiona umeonewa, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kumsikiliza abiria.

Hesabu masaa ya kuwa pamoja, si ya kuwa njiani. Ndege ya saa moja na nusu inaweza kukunyima wikiendi, basi la usiku likakupa.

Na la mwisho, ambalo halina ofisi ya malalamiko: ratiba ikibadilika, jiulize umeumia au umepona. Ukijikuta umeshusha pumzi, usiwapigie shirika la ndege. Mpigie mwenzio, usiku huo huo.