Kipande Kilichovunjika Ndicho Mwalimu wa Fundi

Mtu ashukaye Chogoria, kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, hakosi kuona Land Rover za zamani zikingoja abiria. Kazi yake ni kuwapandisha wageni na mizigo yao mpaka lango la Mbuga ya Mlima Kenya, mahali palipo juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,950. Njia hiyo hupita msituni, na mvua inyeshapo hugeuka tope tupu. Wenye motokaa mpya huogopa kuzipeleka huko, lakini motokaa kuukuu hupanda polepole mpaka ikafika.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, mwezi wa Aprili, 1948. Wakati ule Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma kwa ajili ya vita vilivyokwisha 1945, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, ambao haushikwi na kutu kama chuma. Namna ya tatu ya motokaa hizo iliacha kutengenezwa 1985. Tangu hapo mwenye gari la namna hiyo hutegemea vipuri vya kuagizwa mbali kwa bei kubwa, au vile vilivyofunguliwa katika magari yaliyokufa.

Basi siku moja kiko cha alumini kinachopitisha maji ya moto kutoka injini kwenda rejeta huliwa na kutu yake nyeupe, kikapasuka. Chombo chenyewe hujaa kiganjani tu, lakini gari zima husimama. Dereva hana kazi, utingo hana kazi, na karo ya watoto haipatikani. Wengi, kwa hasira, hukiuza kipande hicho kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wanaokipima kwa kilo. Hapo ndipo wanapokosea, maana kipande kile kilikuwa na thamani kuliko uzito wake. Ndicho pekee kinachojua umbo la chombo kipya.

Kufua na kusubu

Kazi ya madini si ngeni katika nchi hizi. Zamani wahunzi wa Mbeere, chini ya Embu, walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauchoma kwa makaa na kuupulizia mivukuto. Lakini chuma chao hakikuyeyuka kikawa kama maji. Kilitoka katika tanuri kikiwa bonge, nao wakakifua kwa nyundo mpaka kikawa mkuki, jembe au panga. Kusubu ni kazi nyingine: madini huyeyushwa kabisa, yakamiminwa katika kalibu, yakaganda kwa umbo linalotakiwa. Chuma kitupu huhitaji moto wa digrii 1,538 za sentigredi ili kiyeyuke. Alumini huyeyuka kwa digrii 660, na kwa hiyo fundi mwenye makaa mazuri na kipulizio aweza kuiyeyusha katika karakana ndogo. Ndivyo sufuria nyingi nzito zinavyosubiwa na mafundi wa jua kali wa Kenya.

Jinsi kazi inavyofanywa

Kwanza kipande cha zamani husafishwa, na mapande yake huunganishwa kwa gundi mpaka umbo likamilike. Hicho huwa kielelezo. Lakini fundi akikitia katika mchanga hivyo hivyo, chombo kipya kitakuwa kidogo kuliko kile cha kwanza, kwa kuwa alumini hunywea ikipoa, kiasi cha milimita 13 katika kila mita moja. Chombo chenye urefu wa milimita 200 kitapungua milimita mbili na nusu, na tundu za bolti hazitalingana tena na injini. Kwa hiyo fundi hukinenepesha kielelezo kwa nta au bandiko, au huchonga kingine cha mti kilicho kikubwa kidogo. Mahali patakapopigwa tupa huongezwa zaidi. Kazi hii ya kupima huchukua muda mrefu kuliko kazi ya moto, na fundi anayeiruka atasubu mara mbili.

Pili, mchanga laini uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi hunyunyizwa maji kidogo na kushindiliwa katika sanduku la mapande mawili, kielelezo kikiwa katikati. Mchanga wa mtoni uliooshwa na maji haufai peke yake, kwa sababu hauna udongo wa kuushika. Sanduku likifunguliwa, kielelezo hutolewa na alama yake hubaki. Kwa kuwa kiko cha maji kina uwazi ndani, kiini cha mchanga uliokandwa na unga na molasi, kisha ukaokwa mpaka ukawa mgumu, huwekwa katikati ya kalibu. Madini yakiganda, kiini huvunjwa, na uwazi hupatikana.

Tatu ni kuchagua madini. Pistoni kuukuu ni bora kuliko sufuria au waya wa umeme, kwa sababu ndani ya pistoni mna silikoni, ambayo huifanya alumini itiririke vizuri hata kwenye pembe nyembamba. Povu la juu huondolewa, kisha madini humiminwa kwa mfululizo bila kusita.

Mwisho, chombo kikiisha kupoa na kusawazishwa, hujaribiwa. Upande mmoja hupakwa mafuta ya taa na upande wa pili hupakwa chaki. Chaki ikilowa, kuna vitundu visivyoonekana kwa macho, na chombo hicho hakina budi kurudi motoni.

Hatari zisizosahaulika

Mafundi wazoefu huogopa maji kuliko moto. Tone la maji likifunikwa na alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke, ukatanuka zaidi ya mara 1,600, na kuyarusha madini usoni mwa watu. Kwa hiyo kila chuma kiingiacho chunguni hukaushwa kwanza, na mafundi huvaa viatu vya ngozi na miwani, si kandambili.

Hatari ya pili ni kutotambua madini. Motokaa za Volkswagen za umbo la kobe, ambazo zilishinda mashindano ya Safari 1953 na tena 1954, zilikuwa na kasha la injini la magnesiamu. Kwa macho hufanana na alumini, lakini ni nyepesi zaidi. Ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na kuimwagia maji ni kuuzidisha moto. Kipande kisichojulikana kisitiwe katika tanuri.

Hatari ya tatu ni tamaa. Fundi aliyefanikiwa kusubu kiko cha maji huombwa kusubu na mkono wa usukani, au chombo cha breki. Haifai kabisa. Vyombo vingi vya namna hiyo vilifuliwa kwa chuma cha pua ili vipindike kabla ya kukatika. Alumini ya karakana hukatika ghafula. Kiko kikipasuka, safari hukatizwa na watu hushuka wakatembea. Usukani ukikatika katika mteremko wa kutoka mlimani, hakuna atakayeshuka kwa hiari yake. Fundi anayesema, “Hiki sikisubu,” anastahili kuaminiwa zaidi kwa vile anavyovisubu.

Kwa hiyo mwenye motokaa ya zamani, awe Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua, yafaa aweke sanduku la vipande vilivyovunjika, kila kimoja kikiwa na jina lake. Anayenunua kwa kilo hulipa mara moja tu, lakini kipande kilichowekwa chaweza kulirudisha gari barabarani. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.”